Randa Zilipolala Bwera

Bwera, mwezi wa Novemba, mvua hainipi nafasi hata ya kuanika soksi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Pokea na shikamoo ya pili, hiyo ni ya siku zote ambazo sikuandika. Na wewe Monika, mtoto wa dada yangu, unayemsomea bibi yako barua hii, hujambo? Keti chini, soma polepole, na pakiwa pagumu usiparuke. Mara iliyopita uliruka habari za homa yangu ukidhani unamhurumia bibi, naye akaja kuzisikia kwa katekista mbele ya watu. Safari hii soma yote.

Mama, goti linaendeleaje? Na paa la jikoni, lile la upande wa migomba, mmeliezeka upya au bado mnahamisha sufuria kila mvua ikinyesha? Mimi mwili ni mzima. Nakula, ninalala, nguo nafua mwenyewe. Moyo ndio sina hakika nao, lakini huo haulazi mtu hospitali.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja tu: Krismasi nakuja au siji. Jibu lipo na nitakupa. Lakini nataka kwanza ujue lilikotoka, maana ukilisikia peke yake utasema mwanangu amelowea. Sijalowea, mama. Siku hizi hata harufu ya chungwa linalomenywa inanifanya nitoke nje ya duka.

Nilipokuwa Kasese, kwenye karakana ya reli, angalau nilikuwa na garimoshi. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakwenda stesheni, sina safari wala mgeni wa kumpokea, natazama tu mabehewa yakiondoka kwenda Kampala. Nilikuwa najiambia, chuma hiki kimeungana na chuma kingine, na kingine, hadi pale stesheni yetu ya Muheza, unapouzia machungwa. Ilikuwa inanitosha wiki nzima. Hapa Bwera hakuna reli. Kuna milima ambayo wingu halitoki juu yake, kuna barabara ya kwenda Congo, na kuna shule hii ya sekondari ambako nafundisha useremala. Kibondei sina wa kusema naye. Kiswahili changu wanakiita cha redio. Wanikuta jioni naisemesha randa, naiambia, haya mwenzangu, tulale.

Sasa sikiliza. Mwanzoni mwa muhula huu alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu. Alitazama viti vya wanafunzi wangu, akavikalia, akavisifu. Halafu akauliza waliomaliza mwaka jana wako wapi. Mkuu wa shule akanitazama, nami nikatazama viti. Wako nyumbani kwao, mama. Wanalima kahawa na pamba na baba zao, na vyeti vyao viko chini ya godoro. Hakuna aliyewachukua kazini.

Yule bwana akasema, mnafundisha bila kuwauliza wenye kazi wanataka nini. Akatoa amri: kabla mwaka haujaisha, iwepo kamati ya ushauri, ya mafundi na waajiri wa hapa hapa. Hao ndio watakaosema nini kifundishwe, na wao ndio watakaowapokea wanafunzi katika karakana zao wakati wa likizo wajifunze kazi yenyewe. Kamati isipopatikana, darasa la useremala linafungwa na vifaa vinapelekwa shule nyingine. Na mkataba wangu unakwisha pamoja na darasa.

Mkuu wa shule akanipa mimi kazi ya kuikusanya kamati. Alisema, "Wewe ndiye unafaa, huna ndugu hapa, hakuna atakayesema unapendelea." Alikuwa ananisifu, maskini. Mimi neno hilo lilinichoma.

Nitakuambia ukweli, maana wewe hata nikikuficha utajua. Niliposikia darasa linaweza kufungwa, kitu cha kwanza nilichokiona ni ua wetu. Nikajiona nashuka Muheza na sanduku langu la vifaa, Krismasi ikiwa bado haijafika, na hakuna wa kunilaumu. Nilitembea na wazo hilo kama mtu mwenye andazi mfukoni. Halafu naingia darasani, nawaona wale watoto wa kijijini Karambi waliotoka nyumbani alfajiri kwa miguu, wamelowa, wanapuliza mikono ili washike msumeno. Baba zao wameuza mbuzi ili wao wafike pale. Basi andazi lote linanikaa kooni.

Nikaanza kuzunguka. Wa kwanza alikuwa Mzee Masereka, Mkonzo wa hapa hapa Bwera, fundi wa nyumba. Paa lolote unaloliona huku na halivuji, yeye ndiye aliyeliezeka. Wa pili Kambale, Mnande kutoka Butembo upande wa Congo, mtengenezaji wa vitanda na makabati. Alivuka mpaka wakati wa vita akiwa na mama yake mzazi na patasi mbili, hivyo tu. Wa tatu ni msimamizi wa karakana ya mbao ya mgodi wa shaba, kule Kilembe karibu na Kasese, na huyo ndiye aliyenitesa, maana kumfuata ilibidi nipande lori mpaka Kasese. Pale Muhokya askari wakatushusha. Mmoja akaniuliza, "Wewe mutu ya wapi?" Nikasema Tanga. "Tanga iko wapi?" Nikamwambia, afande, ukifuata reli mpaka bahari ikuzuie, ndipo hapo. Akanitazama sana. "Sasa kama kwenu iko bahari, unatafuta nini hapa?" Nikamwonyesha kitambulisho cha shule akaniacha nipande.

Wote watatu walikubali. Nikawaandikia barua zenye muhuri wa shule: Jumamosi, saa nne asubuhi, katika karakana.

Ijumaa jioni ikaja habari kwamba mama yake Kambale amefariki. Alikuwa anaugua kifua muda mrefu. Nikasikitika. Lakini nikajiambia, mkutano utafanyika na wale wawili, na Jumapili nikitoka kanisani nitakwenda msibani na kilo yangu ya sukari kama inavyopasa. Najua unavyonikunjia uso sasa hivi. Kwetu ningekwenda saa ile ile, hata bila kuvaa viatu. Lakini kwetu nikiingia msibani najua mahali pangu, najua nani atanisogezea kigoda. Hapa naogopa, mama. Naogopa kuingia katika ua wa watu wanaolia, wote wageuke, na asiwepo hata mmoja anayejua anikalishe wapi.

Jumamosi nikapanga viti, vile vile alivyovisifu yule bwana wa ofisi. Biira, mpishi wa shule, akaleta chai na mkate. Wanafunzi wakasimama kando ya mbao za mkangazi walizokuwa wamezipiga randa kwa ajili ya makabati ya mtihani, mbao safi, zinang'aa. Saa nne ikafika. Saa tano. Chai ikapoa ikafanya utando. Mkuu wa shule akachungulia dirishani akatazama saa yake, akaondoka. Hasira zikanipanda, zile zangu unazozijua. Nikasema basi, wamejifungia darasa wenyewe, mimi nakwenda kwetu. Na ndani ya hasira, usinicheke, nilikuwa nimeanza kufurahi.

Biira akaja kuchukua vikombe. Ni mama wa makamo, hana haraka na mtu. Akaniuliza, "Mwalimu, unangojea nani?"

"Kamati."

"Kamati gani? Mafundi yote iko kwa Kambale. Fundi akifiwa, randa yote ya Bwera inalala. Leo hakuna mutu anapiga musumari, ila ya lile sanduku tu."

Nikamwambia sikujua.

"Sasa umejua," akasema, huku anakung'uta makombo ya mkate. "Na wewe hapana fundi?"

Mama, desturi yao ni hii. Fundi akifiwa na mtu wake, hashiki kifaa. Mafundi wenzake wote, hata aliyegombana naye juzi, wanaacha kazi zao na kwenda kumtengenezea sanduku la kumzikia marehemu pale pale uani kwake, wala hawapokei kitu. Asiyekwenda anahesabiwa si fundi, ni mtu mwenye nyundo tu. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti nasubiri waje kunisikiliza.

Nikawatazama wanafunzi, wao wakazitazama mbao. Msichana mmoja, Kabugho, ambaye mbao za kabati lake ndizo zilikuwa mbele, akasema, "Mwalimu, tubebe?" Nikasema tubebe. Tukatoka na mbao za mtihani mabegani, mvua ikitumwagikia, tukapita sokoni watu wakitupisha.

Pale uani palikuwa na mafundi wengi, wengine sijapata kuwaona. Ndani wanawake walikuwa wanasali rozari. Mzee Masereka alikuwa anapasua mkalitusi mbichi, maji yanatoka, msumeno unakwama. Na kumbe msimamizi wa mgodi naye yupo, amekunja mikono ya shati la kanisani, anashikilia gogo. Alishuka kwenye basi kuja mkutanoni, akapata habari njiani, akaja moja kwa moja.

Masereka hakusimamisha msumeno. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mwalimu, sisi tulikuwa tunaulizana. Huyu mutu ya Tanga, kwao watu hapana kufa?"

Wengine wakacheka kidogo, cheko la msibani. Ningeweza kuudhika. Badala yake nikamjibu kama ninavyokujibu wewe siku zote, bila kupanga. Nikamwambia, "Wanakufa, mzee. Baba yangu alikufa mwaka juzi. Simu ilinifikia mmekwisha—" nikakosea, nikasema mmekwisha, kana kwamba naongea na nyinyi nyumbani. Nikasahihisha, "wamekwisha kumzika."

Msumeno ukasimama. Akanitazama, akazitazama zile mbao za mkangazi na watoto waliolowa. Halafu akanigeuzia mkono wa pili wa msumeno. "Shika hapa," akasema.

Tuliuacha ule mkalitusi tukatumia mkangazi. Nilipopata nafasi nikaenda kumpa Kambale pole. Walikuwa wamemkalisha kwenye mkeka karibu na mlango. Mikono yake ilikuwa haitulii, inakunja na kukunjua kama inatafuta mpini. Nikamwambia nimechelewa, anisamehe.

"Ulikuya, Mwalimu, inatosha," akasema. "Mama alikuwa ananiuliza kila siku, barabara ya Butembo ilifunguliwa? Miye namuambia, bado kidogo, mama. Bado kidogo. Sasa atazikwa huku."

Nikamwambia lazima inamuuma fundi kama yeye kukaa tu, asikie wengine wanapiga randa kwa ajili ya mama yake.

"Hapana," akasema. "Iko vizuri vile. Bale banatengeneza, miye niko nalia. Kama unatengeneza mwenyewe, utalia wakati gani?"

Monika, hapo rudia. Soma tena alivyosema.

Nilirudi kwenye kazi. Wanafunzi walikuwa wanaunga pembe za sanduku kwa ulimi na tundu, bila msumari, kama nilivyowafundisha. Masereka akapitisha kidole kwenye pembe moja, akauliza nani ameifanya. Kabugho akasema ni yeye. "Mukono yako ni muzuri," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Lakini unawafundisha mbao kavu tu. Hapa kwetu mbao kavu inatoka wapi? Wafundishe mukalitusi mubichi, namna inajikunja ikikauka. Wafundishe paa. Viti, watu wanakaa chini."

Msimamizi wa mgodi akadakia kwamba yeye viti hana haja navyo. Anataka kijana anayejua kukata magogo ya kushikilia dari ya shimo chini kule, urefu mmoja, bila kupima mara kumi, na anayesimama papo hapo akiambiwa simama. Wawili wa namna hiyo angewachukua kesho. Fundi mwingine akasema milango, hakuna anayejua kufunga mlango ukafunga sawasawa. Wakaanza kubishana. Mimi nikawaambia kwa nini huwa naanza na viti: kiti ndicho kinachomfunza mtoto kupima pembe kabla hajapanda juu ya nyumba ya mtu. Masereka akakubali hapo, ingawa kwa shingo upande. Tulibishana hivyo huku tukipiga randa, na mkutano wangu wote ulifanyika pale, juu ya maranda yaliyolowa.

Tukamzika Jumapili. Sikuulizwa nikae wapi. Mafundi walikaa upande mmoja, nami nikawa nimekwisha kukaa nao kabla sijafikiri.

Jumamosi iliyofuata walikuja shuleni wenyewe, sikuandika barua. Kambale alikuja amenyoa kichwa. Mkuu wa shule akafurahi akaleta soda. Wakakubali kila kitu: watawapokea wanafunzi likizo, watakuja kila muhula kutazama kazi, na mkalitusi mbichi utaingia darasani. Ikabaki kutia saini. Hapo Masereka akaweka kalamu chini.

"Mimi sikai na shule," akasema. "Shule hapana kufiwa. Nakaa na mutu. Mwalimu iko, mimi niko. Mwalimu akienda kwao, mimi pia naenda kwangu."

Msimamizi akatikisa kichwa kukubali. Mkuu wa shule akasema mkataba mpya ni wa miaka miwili, na wote wakanigeukia. Kabugho na wenzake walikuwa dirishani wanajifanya wanafagia.

Mama, nilikuona. Nilikuona umekaa pale mlangoni na goti lako umelinyoosha, unatazama njia. Nikasema nitabaki.

Walipoondoka nilifunga mlango wa karakana, nikakaa juu ya benchi, nikalia. Nililia sana, mpaka nikashangaa kifua kinatoa wapi kilio hicho. Kwanza nilidhani naililia Krismasi. Halafu nikajua namlilia baba. Tangu simu ile inifikie sikuwa nimelia, mama. Nilikuwa nimekaa na kitu kimoja tu rohoni, kwamba mimi ni seremala mzima, na baba yangu amelala katika mbao zilizopigwa randa na mikono mingine. Nilikuwa naona aibu. Kumbe hata ningekuwapo, kwa desturi ya hawa watu nisingeshika hata patasi. Ningekalishwa kwenye mkeka karibu nawe.

Basi Krismasi siji. Najua umesikia, na najua Monika ametua hapo akakutazama. Likizo ya katikati ya mwaka nimeiomba, na mkuu wa shule ameniahidi mbele ya kamati, kwa hiyo akigeuka atageuka mbele ya Masereka. Usimwambie mtu kwamba nimelowea. Upweke upo vile vile, kila jioni unaingia kabla sijawasha taa. Ila jana Biira alipita na bakuli la samaki wa Katwe, akasema ni wa fundi. Hakusema ni wa mwalimu.

Nisalimie dada na shemeji, mwambie shemeji lile jembe aliloniahidi kulitia mpini asinisubiri mimi. Nisalimie katekista, na mjomba anayepiga kengele ya kanisa, na jirani yetu wa kisimani ambaye najua amekaa hapo anasikiliza. Wewe Monika, soma kwa bidii, na mikono ikitaka kazi usiionee haya.

Wamebaki wengine ambao siwezi kuwasalimia kwa sababu siwajui, na mwaka wa pili sasa sijathubutu kuuliza. Mama, nani walimtengenezea baba sanduku? Mtajie Monika, naye aniandikie majina yao yote, hata ya aliyeshikilia mbao tu. Na ukikutana nao njiani waambie, yule mwana wa marehemu aliyekuwa mbali anawashukuru. Walimfanyia kazi ili yeye apate kulia, na amelia, ingawa amechelewa.

Ni mimi mwanao, ninayekutazama kutoka ng'ambo ya mwisho wa reli,

Aidano